Mwenye Kupima Ana Deni

Kijana mmoja wa Muheza, mchuuzi wa machungwa, aliniuliza swali ambalo masheikh hulijibu upesi mno na madaktari hawalijibu kabisa. Mkewe alikuwa na mimba yao ya kwanza, na kesho yake alikuwa na miadi ya altrasaundi. Yeye alikuwa ametoka darasani msikitini baada ya magharibi. Ustadhi alikuwa amewasomea aya ya mwisho ya sura Luqman, ile inayotaja mambo matano ambayo ujuzi wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na yaliyomo matumboni ni mojawapo. "Mama," akasema, "kama ajuaye kilichomo tumboni ni Mungu, sisi tunakwenda kupima nini? Si tunamchungulia Mola wetu?"

Pesa alikwisha kuitenga, kwa hiyo hakuwa akitafuta udhuru wa kubana matumizi. Jambo lenyewe lilimkera kwelikweli.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Tanga, miaka mingi zaidi upande wa Pangani, na marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, wa enzi za kuandika aya kwenye ubao. Swali lile kwangu ni la nyumbani kwa pande zote mbili. Siku ile nilimwambia ampeleke mkewe tu, basi. Majibu marefu ndiyo haya.

Nianze na dini, maana ndiko alikoanzia yeye. Sheria yetu yenyewe inauliza habari za tumbo, tena kwa msisitizo. Mwanamke aliyeachwa hukaa eda, na moja ya hekima za eda wanazozitaja wanavyuoni ni kujulikana kama tumbo li tupu au lina kitu. Sura Al-Baqara inamkataza mwanamke huyo kuficha alichoumba Mungu ndani yake. Mjane mwenye mimba hahesabu miezi minne na siku kumi, eda yake inakwisha anapojifungua. Na marehemu akiacha mke mjamzito, fungu la urithi la aliyemo tumboni huwekwa kando mpaka azaliwe, ajulikane ni nani. Kitabu kilekile kinachosema Mungu ndiye ajuaye kimewaamuru watu wajitahidi kujua, na haki za wengine kikazifungamanisha na kujua huko.

Halafu tazama funga. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula mwezi wa Ramadhani. Hofu hiyo ataipata wapi? Kuna mwanamke mwenye wingi wa damu gramu saba ambaye anapika futari ya watu wanane huku akisimama wima, macho meupe, na akiulizwa husema hajambo. Nimewaona wengi. Kwao ruhusa ya Mungu ilikuwa mlangoni na hawakuijua, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewatoboa kidole na kuwaambia damu yao imefikia wapi. Dini inayotoa udhuru kwa sababu ya madhara haiwezi kuchukia kinachoyafunua madhara.

Na huo ujuzi wa Mungu wa yaliyomo matumboni, sisi tunaufikiria kidogo mno tukidhani unakwisha kwenye kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba malaika huandika riziki ya kiumbe, ajali yake, amali zake, na kama atakuwa mtu wa heri au wa shari. Mashine inapima urefu wa mfupa wa paja na upana wa kichwa, kisha inakisia majuma. Mara nyingine inakosea hata hayo. Ukiona mtu anahofia kwamba mashine imemnyang'anya Mola ujuzi wake, ujue mtu huyo amemdogosha Mola kabla hajaikuza mashine.

Hadithi ya kumfunga ngamia kamba kwanza ndipo utawakali inajulikana na kila mtu, siirudii. Mimi hupenda zaidi kisa cha khalifa Sayyidna Umar mwaka wa 18 wa Hijra. Alikuwa safarini kwenda Sham, alipofika Sargh akapewa habari kwamba kuna tauni mbele. Watu humtaja kwa jibu alilompa Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko Sham, aliyemuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamfahamisha kwamba huko anakokimbilia nako ni kadari ya Mungu. Jibu ni zuri, lakini mimi hutazama alichokifanya kabla ya kujibu. Aliita Muhajirina akawauliza, wakahitilafiana. Akaita Ansari, nao hivyohivyo. Akaita wazee wa Kikureshi, na hao wakaafikiana kwamba warudi. Yaani kiongozi yule hakufunga macho akaliita hilo tawakali. Alitafuta habari, tena kwa makundi matatu, akaamua. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake na tauni ikamchukua huko, naye ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa pepo. Simlaumu, Mungu amridhie. Lakini yeye aliamua juu ya roho yake. Mwenye mimba anaamua juu ya roho mbili.

Aliyelichambua jambo hili kwa makini kuliko wote niliowasoma ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Nimemsoma kwa kusomewa, maana Kiarabu changu ni cha sala tu. Katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa tawakali, amezigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa, na mwenye kuziacha hadi akafa hakutawakali, amekosa. Kuna za dhana, zinazofaa mara nyingi, na humo akaziweka dawa za matabibu. Kuzitumia hakuvunji tawakali, na kuziacha si haramu. Kisha kuna za kuwazia tu, na hizo kuziacha ndiko bora.

Basi mimi huwauliza masheikh: kipimo cha kaswende leo kiko fungu gani? Tone moja la damu ya kidole, majibu mama anayapata kabla hajaondoka kwenye benchi. Akikutwa nayo, sindano ya penisilini inamtibu yeye, na inapita kwenye kondo ikamtibu aliyemo. Asipopimwa, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa amekufa, au akazaliwa na maradhi ambayo hakuyafanyia kosa lolote. Zama za Ghazali hakukuwa na tabibu aliyeweza kuahidi jambo la namna hiyo. Dawa ikipanda daraja kutoka kwenye dhana ikaikaribia yakini, wajibu nao unapanda, na fatwa iliyopimwa kwa dawa za karne ya kumi na mbili haimtoshi mwanamke wa Muheza.

Wanaume wengi hawajui kinachofanyika kliniki, kwa hiyo nikieleze. Mama anafika asubuhi na kadi yake. Anapimwa uzito, na siku ya kwanza urefu pia, maana mwanamke mfupi chini ya sentimita 150 tunamwekea alama. Presha. Mkojo kwenye kikopo, kijiti kinachovywa kuona kama kuna protini au sukari. Damu kwa wingi wake, kundi lake, kaswende, VVU, na malaria. Halafu anapanda kitandani, tumbo linapimwa kwa futikamba, linapapaswa kujua kichwa kiko wapi, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kwa kile kidude tulichokirithi kwa Adolphe Pinard, daktari wa Kifaransa aliyekibuni mwaka 1895. Unaweka sikio upande mmoja na tumbo upande wa pili, unanyamaza, na unawaomba walioko nje wanyamaze pia. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, SP za kukinga malaria anazozimeza mbele yako, sindano ya pepopunda, chandarua. Ni hayo. Sioni uchawi humo wala kiburi.

Kati ya yote hayo, kinachonifikirisha zaidi ni presha, kwa sababu haiumi. Mama ana 150 kwa 100, protini imejaa kwenye mkojo, miguu imevimba kidogo tu kama ya mjamzito yeyote, naye anakuambia, "Nesi, mimi mzima, niache niwahi kwenye mihogo yangu." Anasema kweli yake. Hadanganyi. Mwili ndio unaomdanganya. Akiachwa aende, siku mbili tatu baadaye huletwa kwenye bodaboda akiwa amekaziwa katikati ya watu wawili, ameng'ata ulimi, na jamaa wanabishana njia nzima kama ni shetani la mtu fulani au limetoka baharini. Kifafa cha mimba tunakituliza kwa maginesiamu, lakini tiba yake ni mtoto kutoka, awe ametimia au hajatimia. Sisi watu wa imani tumezoea kuuamini moyo. Husema moyo wangu umetulia, basi jambo lina heri. Kazi hii imenifundisha kwamba utulivu wa moyo ni neema ya kuishukuru, ila ushahidi wa hali ya tumbo lazima uletwe na shahidi wa nje.

Nao hao mashahidi wa nje si malaika. Utaratibu wa kumtazama mjamzito kabla hajaugua ni mchanga. J. W. Ballantyne wa Edinburgh alipata kitanda kimoja cha wajawazito hospitalini mwaka 1901, na ratiba ya mahudhurio waliyoiweka Waingereza mwaka 1929 ilienea duniani kwa miongo mingi bila mtu kuuliza kwa nini majuma haya na si yale. Baadaye Shirika la Afya Duniani likasema mahudhurio manne yanatosha, nasi tukayafundisha manne kwa bidii zote. Mwaka 2016 likarudi likasema vifo vya watoto vimeonekana kuwa vingi zaidi kwenye mpango wa manne, kwa hivyo yawe manane, la kwanza kabla ya juma la 12. Kuna walioniambia, "Mnaona? Wenyewe hawajui." Mimi naona kinyume. Mtu anayehesabu waliokufa, akaona hesabu yake ya kwanza ilipungua, akaitangaza na kuibadilisha, huyo yuko karibu na uchaji Mungu kuliko yule ambaye kila msiba kwake ni "kazi ya Mungu haina makosa" na daftari linafungwa.

Lakini kabla ya juma la 12 ndipo mila zetu zinapokataa. Kwetu mimba changa haitangazwi. Inafichwa mpaka ijioneshe yenyewe, kwa kuogopa kijicho, na mwanamke aliyewahi kupoteza mimba huificha zaidi. Wauguzi vijana huwagombeza: "Ulikuwa wapi miezi yote hii?" Mimi sikupenda kugombeza, kwa sababu ndani ya hofu ile kuna adabu. Wazee walijua mimba changa ni kitu kinachoweza kuondoka, na walimkinga mwanamke asije akahesabiwa hasara yake na mtaa mzima. Hilo linastahili heshima. Ila kuna jambo ambalo hawakuweza kulijua. Mrija unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga mapema mno, kiasi cha siku 28 tangu mimba itunge, wakati mwenye mimba pengine bado anadhani hedhi imechelewa tu. Asidi ya foliki inayosaidia kufunga huko lazima iwemo mwilini kabla. Kidonge anachopewa mwezi wa tano kinamjenga damu, lakini kwa mgongo wazi kimeshachelewa. Kwa hiyo anayetaka kuficha na afiche kwa jirani, kwa wifi, hata kwa mama mkwe. Kwa mkunga asifiche. Mkunga naye anyamaze, maana siri ile ni amana.

Sasa nifike panaponiuma.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu, mtu wa kwanza kupimwa VVU ni mke, na anapimwa kwa sababu ana mimba. Mume hana siku yake ya kliniki. Kwa hiyo mke ndiye anayejua kwanza, na anayejua kwanza huitwa mleta maradhi. Nimekaa na wanawake wakishika kile kikaratasi kama kimewaka moto, na swali lao halikuwa "nitakufa?" Lilikuwa "nitamwambiaje?" Kipimo kile kimeokoa watoto wengi kuliko ninavyoweza kusimulia. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa kina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, na kwa dawa wanashuka chini ya watano. Nakumbuka habari za utafiti wa Kampala zilipotufikia mwaka 1999, kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama akiwa kwenye uchungu, na matone ya mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi karibu kwa nusu. Tulikuwa watu ambao hatukuwa na kitu mkononi, na ghafla tukawa nacho. Malawi ilianza mwaka 2011 kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha yake yote, na nchi nyingine zikafuata.

Lakini hesabu hiyo nzuri ina upande wa pili ambao hauandikwi kwenye ripoti: mke aliyerudishwa kwao na godoro lake, kwa kosa la kukubali kupimwa ili mtoto apone. Hapo swali la kijana wa Muheza halinisumbui tena. Linalonisumbua ni jingine. Je, tuna haki ya kumuuliza mwanamke swali ambalo jibu lake litamwangukia yeye peke yake?

Serikali iliona tatizo hilo, ikataka waume waje kliniki. Nia ilikuwa njema. Utekelezaji mahali pengi ukageuka kuwa adhabu, mwanamke asiyekuja na mwenzake anarudishwa mwisho wa foleni au anatumwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hana mume. Msichana aliyekimbiwa na aliyempa mimba anakwenda kuomba muhuri wa kuthibitisha kwamba amekimbiwa! Wengine hawakurudi. Mume aalikwe, ashawishiwe, ahutubiwe, lakini mjamzito aliyekuja peke yake apimwe.

Yamebaki ya altrasaundi, ambayo ndiyo yaliyomleta kijana kwangu. Mashine hii historia yake ni ya ajabu. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alichukua kifaa cha viwandani cha kutafutia nyufa kwenye vyuma, akashirikiana na fundi Tom Brown na daktari John MacVicar, na mwaka 1958 wakachapisha picha za kwanza za mtoto akiwa tumboni. Donald alikuwa Mkristo mshika dini. Sheria ya utoaji mimba ya Uingereza ilipokuja mwaka 1967 aliipinga kwa nguvu zake zote, naye ndiye aliyewafungulia watu dirisha ambalo wengine walichungulia wakaamua kutoa. Mfaransa Jérôme Lejeune, ambaye jina lake limefungamana na ugunduzi wa mwaka 1959 kwamba wenye hali ya Down wana kromosomu moja ya ziada, alikuwa Mkatoliki, mshika dini vilevile, na alikufa akisikitika jinsi ugunduzi ule ulivyotumika. Ninapowafikiria watu hawa wawili naona kwamba imani ya mtengeneza kipimo haihami kwenda kwa mtumiaji. Kila atumiaye ana nia yake, na ataulizwa kwa nia hiyo.

Wakubwa wa dini hawakulala. Vatikano mwaka 1987 ilisema kumpima mtoto tumboni kunaruhusiwa kama lengo ni kumlinda au kumtibu, na ni kosa kama mtu anapima akiwa amekwisha kuazimia kuitoa mimba majibu yakiwa mabaya. Baraza la fiqhi la Makka, mwezi Februari 1990, liliamua kwamba kabla ya siku 120, ikithibitishwa na jopo la madaktari waaminifu kuwa mtoto ana ulemavu mzito usiotibika, na wazazi wakiomba, mimba inaweza kutolewa. Baada ya siku hizo, haiwezekani ila kwa kuokoa maisha ya mama. Sheria ya nchi yetu ni finyu kuliko hapo. Mimi si mufti. Nililoliona ni kwamba wanawake wengi wa huku hufika kwenye mashine siku 120 zimepita zamani, kwa hiyo mjadala ule mkubwa huwapita juu kwa juu, nao wanabaki na swali dogo na gumu zaidi: nikijua, halafu hakuna la kufanya, nimefaidika nini?

Nitawataja wawili, bila majina. Wa kwanza ni wa ng'ambo ya mto Pangani. Mwezi wa saba alionekana mtoto hana fuvu la juu, ubongo haukuumbika. Daktari aliyempima alivuta kiti, akamwita na mumewe, akawaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba mtoto ataweza kuzaliwa hai lakini hataishi, kwamba si kwa sababu ya chakula wala laana wala mtu, na kwamba atakuwepo siku ya kujifungua. Wakalia, wakaenda. Mume alirudi kutoka dago la uvuvi mapema kuliko kawaida yake. Walimwandaa sheikh. Mtoto alizaliwa asubuhi, akalia mara moja. Aliadhiniwa, akapewa jina, akafa kabla ya alasiri mkononi mwa baba yake. Na kwa kuwa alilia, alioshwa, akakafiniwa na kusaliwa kama Mwislamu mwingine yeyote. Kujua hakukumponya, ila kulimpatia watu wa kumpokea na kumsindikiza. Wangekuwa hawajui, angezaliwa katikati ya mayowe, na najua vitoto vya namna ile vinavyofunikwa haraka na kutolewa nje bila mama kuoneshwa.

Wa pili alipimwa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Aliyekuwa kwenye mashine hakumtazama usoni. Alimwandikia karatasi kwa Kiingereza, akamwambia, "Kichwa kina shida, ukajifungulie hospitali kubwa," akaita mwingine. Karatasi ikasomwa kwa simu na shemeji aliyesoma hadi kidato cha nne. Kutoka siku ile yule mwanamke hakushona nguo hata moja ya mtoto, hakuchagua jina, alikula kwa kulazimishwa. Mtoto akazaliwa salama salimini, na leo ni binti wa shule mwenye kelele za kutosha. Kilichoonekana kilikuwa ni maji kidogo kuzidi kawaida kwenye vyumba vya ubongo, jambo ambalo mara nyingi halina madhara na lilihitaji kupimwa tena tu. Hakuna aliyemwomba radhi. Alinunua mateso kwa pesa ya korosho zake.

Tofauti ya wawili hawa haimo kwenye mashine, maana pengine hata aina ilikuwa moja. Imo kwenye kile kilichofuata baada ya jibu. Ndipo nilipofikia ninaposimama mpaka leo: mwenye kupima ana deni. Ukimtoboa mtu kidole au ukampaka mafuta tumboni, umemuahidi kwamba lolote litakaloonekana hatalibeba peke yake. Kama dawa ipo, utampa. Kama haipo, utakaa naye. Kama jibu ni la shaka, utamwambia ni shaka na utampa siku ya kurudia. Asiyeweza hayo bado hajawa na haki ya kuuliza.

Na kwa upande wa mwenye mimba naviweka vipimo makundi mawili, kwa kumfuata Ghazali kwa mbali. Vipimo ambavyo jibu lake lina tiba, presha, damu, mkojo, kaswende, VVU, malaria, kundi la damu, hivyo namuona mwanamke ana wajibu navyo, na mume ana wajibu zaidi wa kumwezesha. Kuvikataa kwa jina la tawakali ni kumsingizia Mungu uvivu wetu. Altrasaundi moja kabla ya juma la 24, ya kuhesabu majuma na kujua kama ni pacha, naiweka humohumo. Lakini kujua kila kidole na kila chumba cha ubongo, mahali ambapo hakuna wa kutibu wala wa kueleza, hapo mwanamke akisema "hayo mniache nayo, nitamjua akija," namheshimu. Hajamkosea Mungu wala sayansi. Kuna ujuzi ambao mtu ana haki ya kuungojea.

Kwa hiyo, masheikh wetu, mkiisoma aya ile ya Luqman msiishie hapo, malizieni na ya Al-Baqara, na siku moja ya Ijumaa hutuba iwe ya kliniki. Waambieni wanaume kwamba mimba ikionekana wampeleke mke kabla ya mwezi wa tatu, na kidole cha kwanza kutobolewa kwa kipimo cha VVU kiwe cha mume. Nanyi wauguzi na wataalamu wa mashine, vuteni kiti mkae, mtazameni mama usoni, na jibu mlitoe kwa Kiswahili.